Msaada Ufike Kabla ya Kiberiti

Kwa Mawaziri wa Afya, Kaunti za Kitui na Makueni

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu watoto wasioweza kutupa kitu. Kuna mtoto mwenye usonji, au yule ambaye akili yake haitulii mahali pamoja, anayeokota vifuniko vya soda, nyaya na betri zilizokwisha, akavijaza chini ya kitanda. Ukigusa kimoja, analia kama aliyefiwa.

Huku kwetu kuhifadhi vitu ni desturi, ukame umetufunza. Hakuna mama wa Ukambani anayetupa mtungi ambao bado unashika maji. Kwa hiyo tatizo hujificha hadi mtoto anapokosa pa kulala. Hapo majirani husema amerogwa, na mzazi aliyechoka huwasha moto nyuma ya nyumba.

Nimemwona mvulana wa gredi ya sita akichakura jivu la moto kama huo. Alipata vifuniko vitatu, vyeusi tititi, akavifuta kwa shati la shule. Baadaye alianza kukusanya upya, safari hii kwa siri, kwenye shimo karibu na zizi la mbuzi. Moto ulimfunza kuficha tu.

Si kila anayekusanya ni mgonjwa. Mwenye usonji huenda vitu vyake vinamtuliza, na aachwe navyo. Lakini mrundiko ukimnyima usingizi, masomo au amani nyumbani, anahitaji msaada, na msaada wenyewe ni wa subira: apewe sanduku lake, achague mwenyewe cha kubaki, aanze na kile kisichomuuma sana. Shirika la Afya Duniani linautambua ugonjwa wa kurundika vitu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Makueni imewahi kufanya jambo gumu zaidi: wahudumu wa afya, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini walifundishwa kutambua maradhi ya akili. Ongezeni somo la watoto hawa, na Kitui ifuate. Mhudumu wa afya ya jamii tayari anabisha hodi katika nyumba hizi. Mama wa Tseikuru asisubiri nauli ya kwenda Kitui mjini ndipo aambiwe asichome.

Naomba mafunzo yaanze kabla ya likizo ya Desemba, jamaa wanaporudi kutoka Nairobi na Mombasa na kila nyumba inasafishwa.