Jembe Hukabidhiwa na Mwenyeji



Wahenga walituachia methali tunayoitamka mara nyingi pasipo kuitafakari: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huichukulia kuwa onyo kwa mgeni mvivu. Mimi naona imebeba heshima kubwa, kwa maana anayekabidhiwa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wenye nyumba. Lakini tuangalie pia ni nani anayelitoa. Jembe hutoka mkononi mwa mwenyeji, naye ndiye amwonyeshaye mgeni shamba la kulima na mahali palipokwisha kupandwa.

Juma hili napenda tuitumie methali hiyo kupima jambo lililoenea katika Kanisa la leo, yaani kwenda kujitolea katika nchi za mbali. Parokia nyingi za kwetu zimepokea vijana kutoka Ulaya na Marekani wanaokuja kwa majuma mawili au matatu, na vijana wetu nao huuliza wafanyeje ili wapate kutumikia ng'ambo. Ni moyo mwema, na simkatazi mtu. Hata hivyo nina shaka na namna tunavyolifanya jambo hili, nami nitaieleza kwa kutazama vijiji vya Amerika ya Kati, mahali ambapo swali la kujitolea liliulizwa kwa ukali na kujibiwa kwa damu.

Mwezi Aprili mwaka 1968, Padri Ivan Illich, aliyekuwa akiongoza kituo cha mafunzo mjini Cuernavaca, Meksiko, aliwahutubia wanafunzi kutoka Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda kujitolea vijijini Meksiko. Walitazamia pongezi, wakapata karipio. Aliwaambia kwamba nia njema haitoshi, na kwamba wanawaendea watu ambao hawawezi hata kuzungumza nao. Akawashauri waje kutazama, kujifunza na kuufurahia uzuri wa nchi, ila wasije kusaidia.

Maneno hayo ni machungu, lakini yana ukweli ambao sisi tuliozoea kupokea wageni tunaujua. Nani hajaona kijana wa mbali akijifunza kupanga matofali kwa mara ya kwanza maishani, na huku fundi wa kijiji amekaa kivulini akimtazama, hana kibarua? Ukuta husimama, picha hupigwa, mgeni huaga kwa machozi, na mwaka unaofuata huja mwingine kuupaka rangi ukuta uleule. Mwaka mmoja kabla ya Padri Illich kusema hayo, Papa Paulo VI, katika waraka wake Populorum Progressio wa mwaka 1967, alikuwa amekwisha kuwakumbusha wataalamu waendao nchi nyingine kwamba wasijifanye mabwana, bali wawe wasaidizi na watenda kazi pamoja na wenyeji.

Je, basi, tuseme wageni wote wabaki kwao? Mwaka uleule wa 1968 aliwasili Guatemala mtu ambaye maisha yake ni jibu tosha kwa Padri Illich. Aliitwa Stanley Rother, padri kutoka Okarche, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Oklahoma. Kanisa la Oklahoma lilikuwa limefungua utume huko Santiago Atitlán tangu mwaka 1964, kando ya ziwa Atitlán lililozungukwa na volkano, kwa watu wa Kimaya waitwao Watz'utujil.

Padri Rother hakuwa mtu wa vitabu. Akiwa mseminari alishindwa Kilatini hata akarudishwa nyumbani, na ni kwa huruma ya askofu wake kwamba alipewa nafasi katika seminari nyingine, akapadirishwa mwaka 1963. Mtu huyo aliyeshindwa Kilatini alijifunza Kihispania, kisha akajifunza Kitz'utujil, lugha ngumu ambayo wageni wachache mno waliipata. Aliadhimisha Misa na kuhubiri kwa lugha hiyo, akashiriki pia katika kazi ya kutafsiri Agano Jipya ili Watz'utujil wamsikie Kristo akisema kama mama zao wasemavyo.

Tusidhani kwamba ni kipaji tu. Lugha hujifunzwa na mtu anayekubali kuwa mtoto tena, anayekubali kuchekwa sokoni, anayekaa jikoni kwa watu na kula walichonacho bila haraka. Mtoto wa mkulima wa ngano alijua udongo na mitambo, akashika kazi za shamba pamoja na wenyeji. Na kwa kuwa jina Stanley halikukaa vizuri vinywani mwao, walilichukua jina lake la pili, Francis, wakamwita Padre Apla's kwa lugha yao. Ndugu zangu, hapo ndipo naliona jembe likikabidhiwa. Mfadhili hutajwa kwenye kibao cha ukutani. Ndugu hupewa jina na watu wenyewe.

Kisha ikaja saa ya kupimwa. Guatemala ilikuwa vitani tangu mwaka 1960, na vita hivyo havikukoma hadi mwaka 1996. Tume iliyoundwa kuchunguza maovu hayo ilieleza mwaka 1999 kwamba waliouawa au kutoweka walizidi 200,000, na kwamba kati ya wahanga waliotambuliwa asilimia 83 walikuwa Wamaya. Mwishoni mwa mwaka 1980 wanajeshi walipiga kambi Santiago Atitlán. Makatekista walitekwa, wengine wakaokotwa maiti. Padri Rother alizitafuta maiti azizike, akawatunza wajane na yatima. Katika barua yake ya Noeli mwaka huo aliwaandikia waamini wa Oklahoma kwamba mchungaji hapaswi kukimbia mara aonapo dalili ya hatari.

Hapa pana jambo zito ambalo kila anayejitolea ugenini hana budi kulikabili. Katekista wa Kitz'utujil hakuwa na pa kwenda. Padri kutoka Oklahoma alikuwa na hati ya kusafiria na nyumba ya wazazi iliyomngoja. Mgeni anaweza kula chakula cha wenyeji, kuvaa kama wao na kusema lugha yao, na bado tofauti hiyo moja ikabaki mfukoni mwake. Januari 1981, baada ya kuambiwa kwamba jina lake lilikuwa katika orodha ya watakaouawa, alirudi kwao. Hakuna ambaye angemlaumu kwa kubaki huko. Lakini hakutulia. Aprili alirejea kuadhimisha Juma Kuu na Pasaka pamoja na watu wake. Usiku wa tarehe 28 Julai 1981 watu wenye silaha waliingia katika nyumba ya parokia wakamwua. Alikuwa na miaka 46, umri usio mbali na wangu, nami kila nikiukumbuka najiuliza maswali ambayo siwezi kuyajibu kwa ajili ya mtu mwingine.

Mwili wake ulirudishwa kwao. Moyo wake, kwa ombi la waamini wa Santiago Atitlán, ulibaki katika kanisa lao. Tarehe 23 Septemba 2017, mjini Oklahoma City, alitangazwa Mwenyeheri.

Pengine mlei atasema: Baba Padri, hayo ni ya mapadri. La hasha! Katika nchi jirani ya El Salvador, tarehe 2 Desemba 1980, waliuawa wanawake wanne kutoka Marekani: Sista Maura Clarke, Sista Ita Ford, Sista Dorothy Kazel, na pamoja nao Jean Donovan, mlei mwenye umri wa miaka 27. Jean alikuwa amesomea biashara na kuacha kazi nzuri. Alishauriwa aondoke, naye akaona hawezi kuwaacha watoto wa vita ambao wengine wote walikuwa wamewaacha.

Siwahimizi watu kutafuta kifo, wala sisemi kwamba kila anayejitolea lazima akae miaka 13 kama Padre Apla's. Ninachosema ni kwamba tuyaite mambo kwa majina yake. Safari ya majuma mawili ni hija, ni ziara ya kujifunza, nayo ina baraka zake iwapo mwendaji atakwenda kama mwanafunzi. Tusiiite msaada. Na Halmashauri ya Walei inapopokea barua ya wanaotaka kuja, au kijana wetu anapotaka kwenda, tuulize mambo matatu. Kwanza, ni nani aliyewaita, na je, wenyeji ndio waliochagua kazi? Pili, wataanza kujifunza lugha lini? Tatu, wakiondoka, kazi hiyo itabaki mikononi mwa nani?

Bwana wetu alipowatuma wale wafuasi sabini na wawili, Mwinjili Luka anatueleza kwamba aliwanyima mkoba na mfuko wa fedha, akawaagiza wakae katika nyumba watakayopokewa na kula watakachoandaliwa. Aliwatuma wakiwa wahitaji. Alijua kwamba aendaye mikono mitupu hulazimika kugonga mlango, na agongaye mlango huanza kwa kumwomba mwenye nyumba.

Mwenyeheri Stanley Rother, utuombee. Nawatakia Dominika njema.