POSHO YA MWANAFUNZI SI MSHAHARA

Kijana wetu wa chuo aendapo Momela, chini ya Mlima Meru, wakati wa likizo, kuchunguza maziwa ya magadi na heroe wake, akapewa fedha za chakula na malazi, je, huo ni mshahara? Kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Sheria ya mwaka 2004 imesamehe msaada wa masomo ulipao ada ya mwanafunzi wa muda wote. Posho ya utafiti haikutajwa hapo. Tunawausia vijana: tengeni ada na posho, hifadhini stakabadhi, semeni kweli. Na Serikali tunaitaka iandike msamaha huo waziwazi. Haki isiyoandikwa hutegemea huruma ya karani.