Vitufe vya gari lako vijue likiwa limeegeshwa

NIONAVYO
Na Zuhura Mbelwa

Mvua ilitukuta Mikese. Tulikuwa watano ndani ya Premio, tumetoka msibani Morogoro tunarudi Dar es Salaam, na nguo za waliokaa nyuma zilikuwa bado mbichi kwa manyunyu ya makaburini. Usukani alikuwa nao mtoto wa kaka yangu, kijana mwenye leseni ya miaka mitatu na dereva mtulivu. Mbele yetu kulikuwa na lori la mafuta, nyuma yetu basi linawasha taa likitaka kupita. Mara kioo cha mbele kikawa cheupe, kama kimepakwa maziwa.

Kijana alichukua kitambaa akafuta kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshika usukani. Kioo kikang'aa sehemu ya ukubwa wa sahani, kisha kikafunga tena. Akashusha dirisha, mvua ikamwingia begani. Akafuta mara ya pili, safari hii ameinama hadi paji la uso linakaribia kugusa kioo, na gari likaanza kusogea taratibu kuelekea mstari wa katikati.

Nilinyoosha mkono. Nikabonyeza kitufe chenye picha ya kioo na mishale mitatu inayopanda, nikahakikisha taa ya AC imewaka, nikazima kile chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake, kisha nikapandisha joto kutoka 18 hadi 25. Kioo kikaanza kufunguka kuanzia chini, karibu na waipa, kama pazia linalokunjwa kwenda juu. Dakika mbili hazikuisha tukawa tunaziona taa za nyuma za lile lori wazi kabisa.

“Shangazi,” aliniambia tulipopita Chalinze, “mimi nikiona mvua huwa nazima AC. Si nje tayari kuna baridi?”

Sikumlaumu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha. Alifundishwa gea, vioo vya pembeni, alama za barabarani, kupanda kilima na kurudi nyuma. Nilimuuliza kama mwalimu wake wa udereva aliwahi kumgusisha sehemu ile ya katikati ya dashibodi. Akasema aliambiwa hayo ni mambo ya starehe, atayajua mwenyewe akinunua gari lake.

Hapo ndipo tunapokosea. Redio na kiyoyozi vimo ndani ya udereva wenyewe. Kioo kisichoonyesha mbele ni hatari sawa na breki mbovu, na dereva aliyeinamisha macho kutafuta stesheni hana tofauti na aliyefumba macho.

Tuanze na hicho kiyoyozi. Wengi wetu tunakijua kwa kazi moja tu, kuleta ubaridi. Kazi yake ya pili ni kukausha hewa. Hewa ikipita kwenye mabomba baridi yaliyofichwa nyuma ya dashibodi, unyevu wake hugeuka matone na kumwagika nje kwa mpira mdogo. Yale maji yanayodondoka chini ya gari ukiegesha siku ya joto, ambayo huwakimbiza watu wengine kwa fundi wakidhani rejeta inavuja, ni unyevu uliotolewa hewani. Ndiyo maana siku ya mvua AC inahitajika zaidi. Watu watano wanapumua ndani ya chumba kidogo, nguo zimelowa, na kioo kimepozwa na mvua kwa nje. Mvuke wa pumzi zao ukigusa kioo hicho hugeuka ukungu, kama unavyoona kwenye glasi ya maji baridi mezani.

Joto nalo lina sehemu yake. Hewa ya moto hubeba unyevu mwingi kuliko ya baridi, na hita ya gari haina gharama ya ziada kwa sababu inatumia maji ya moto yaliyokwisha kuipoza injini. Kwa hiyo AC na hita huwashwa pamoja: ya kwanza inakausha hewa, ya pili inaipasha moto, na feni inaipeleka kwenye kioo. Anayehofia kwamba AC inakula mafuta ajue kwamba kusafisha kioo ni kazi ya dakika chache tu.

Kuna ukungu wa aina nyingine ambao watu wa pwani tunaujua bila kuuelewa. Ni usiku wa joto Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hewa ni nzito, umewasha AC kali na umeielekeza kioo cha mbele. Ghafla kioo kinafunga, unafuta kwa ndani, hakifutiki. Hakifutiki kwa sababu ukungu uko nje. Umekipoza kioo mpaka hewa yenye unyevu ya baharini inageuka matone juu yake. Dawa yake ni tofauti na ile ya Mikese: piga waipa mara moja, punguza ubaridi, na ielekeze hewa usoni na miguuni, usiipeleke kwenye kioo. Kujua ni ukungu upi, pitisha kidole kwa ndani. Kikiacha alama, ukungu uko ndani. Kisipoacha, uko nje.

Sasa njoo kwenye kitufe chenye mshale unaozunguka. Kikiwashwa, gari linafunga mlango wa hewa ya nje na kuzungusha ile ile iliyomo ndani. Kina faida zake: unapolifuata lori linalotoa moshi mweusi, unapopita kwenye vumbi, au unapotaka kulipoza haraka gari lililochomwa na jua. Lakini kikiachwa kimewaka saa nzima na gari limejaa watu, hewa ya ukaa tunayoitoa kwa pumzi huongezeka humo ndani, na watu huanza kupiga miayo, vichwa vizito, macho mazito. Dereva wa Mbeya aliyefika Makambako usiku wa manane akilalamika usingizi umemshika, kwanza atazame kama taa ya kitufe hicho inawaka. Akizime, aingize hewa ya nje. Kisha, kama usingizi ni wa uchovu wa kweli, aegeshe alale, maana usingizi wa namna hiyo hauna kitufe.

Upande wa redio una historia yake katika magari yetu. Mengi yanatoka Japani, na redio ya FM ya Japani kwa miaka mingi imekuwa ikianzia 76 na kuishia 90. Za miaka ya karibuni hufika 95. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Mtu ananunua gari zuri, anawasha redio, anapata stesheni mbili tatu, nyingine zote kimya. Fundi anamfungia kifaa kidogo cha kushusha masafa nyuma ya redio, na sasa stesheni ya 100 anaikuta kwenye 80, au kwenye namba nyingine kulingana na kifaa alichofungiwa. Namba iliyotangazwa na stesheni si namba iliyo kwenye skrini. Matokeo yake ni dereva aliye kwenye foleni ya Mwenge au kwenye lami ya Kibaha anayepiga hesabu za kutoa huku gari linakwenda.

Pengine humo humo kuna sauti ya mwanamke anayezungumza Kijapani kila gari linapowashwa. Nimekutana na watu walioisikia miaka mitano bila kujua anasema nini. Mara nyingi anasema kadi haijaingizwa. Ni kifaa cha kulipia barabara kuu za Japani, kinachoitwa ETC, na kadi anayoitafuta haina kazi hapa. Muombe fundi akichomoe, ukae na utulivu wako. Kuuliza si ujinga.

Habari njema ni kwamba vitufe vingi havina lugha. Picha zile zimewekwa kwa kiwango cha kimataifa, ISO 2575, ili Mjapani, Mjerumani na Mtanzania wasome kitu kimoja. Umbo la upepeo lenye mishale mitatu inayopanda ni kioo cha mbele. Mstatili wenye mishale kama hiyo ni kioo cha nyuma, ambacho kina nyaya nyembamba za kukipasha moto. Mtu aliyeketi, mshale ukielekea usoni au miguuni, anakuonyesha hewa inakokwenda. Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kuzijifunza kwa mchana mmoja.

Kwa nini nasisitiza kujifunza gari likiwa limesimama? Piga hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda zaidi ya mita 22 kila sekunde. Ukiinamisha macho kwa sekunde 2, umepita mita 44 bila kuona. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, katika mwongozo wake wa mwaka 2013 iliwaambia watengenezaji wa magari kwamba kazi yoyote ya kwenye dashibodi isimlazimu dereva kuondoa macho barabarani zaidi ya sekunde 2 kwa mara moja, wala zaidi ya sekunde 12 kwa jumla.

Skrini za kugusa zimeifanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi. Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, liliwapa madereva kazi za kawaida kama kuongeza joto na kutafuta stesheni, gari likienda kilomita 110 kwa saa. Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe vya kubonyeza na vya kuzungusha, ilimaliza kwa sekunde 10. Gari jipya lililokuwa la mwisho, lenye skrini, lilichukua zaidi ya sekunde 40, yaani zaidi ya kilomita moja ya barabara. Wazungu wenyewe wameanza kurudi nyuma: kuanzia mwaka 2026 taasisi ya Ulaya inayopima usalama wa magari, Euro NCAP, inawapunguzia alama watengenezaji walioondoa swichi halisi za indiketa, taa za hatari, waipa, honi na simu ya dharura.

Kitufe halisi unakipapasa kwa kidole ukaacha macho barabarani. Skrini haipapasiki. Nawasihi wanaong'oa redio ya asili ya gari na kuweka skrini kubwa ya Android: hakikisheni kitufe cha sauti kimebaki, na vitufe vya kiyoyozi havijafichwa ndani ya skrini. Uzuri wa skrini utauona siku ya kwanza. Ugumu wake utaujua siku ya mvua.

Nina ombi kwa makundi matatu. Walimu wa udereva: toeni somo moja tu, la saa moja, mwanafunzi asafishe kioo chenye ukungu kabla hajaruhusiwa kushika barabara kuu. Chemsheni maji, wekeni sufuria ndani ya gari, fungeni milango, mtakuwa na darasa. Wenye yadi za magari: andikeni karatasi moja ya Kiswahili inayoeleza vitufe vya gari mnalouza, muiweke kwenye droo ya dashibodi. Mafundi wa AC: kabla ya kumwambia mteja gesi imeisha, fungueni ile filta iliyo nyuma ya droo. Mara nyingi imejaa vumbi na majani, hewa haipiti, na mteja anajaziwa gesi asiyoihitaji.

Na wewe mwenye gari, tenga dakika kumi jioni ya leo. Kaa kwenye kiti cha dereva, gari limeegeshwa mahali pa wazi. Hifadhi stesheni zako sita kwenye vitufe vya namba kwa kukishikilia kila kimoja mpaka kilie. Kisha fumba macho, utafute kwa kidole kitufe cha sauti, cha kioo cha mbele, cha AC na cha hewa ya nje. Rudia mpaka mkono uvijue bila kusaidiwa na macho. Ukifika njia panda ya reli, mkono huo huo upunguze sauti ya redio, ushushe kioo, usikilize kwanza.

Mtoto wa kaka yangu alifanya zoezi hilo usiku ule ule tulipofika Kimara, mbele ya nyumba, mvua bado inanyesha. Mara ya tatu hakukosea hata kitufe kimoja. Siku ukimkabidhi mtu gari lako, mwonyeshe kwanza vitufe hivyo, umwone akivigusa. Ndipo umpe funguo.