Mzimu wa Kisasi Haumpendi Mfiwa

Hadithi za namna moja zimewapendeza mno vijana wetu. Mchumba amekufa; mwenzake analia; marehemu hurudi usiku, humpenda tena, kisha humwonyesha aliyemwua ili kisasi kilipwe. Husomwa vitabuni na magazetini, na sasa hata katika simu za mkononi.

Hatusemi kwamba kila hadithi ya mzimu ni mbaya. Mwaka 1968 S. S. Mushi alitoa kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare uitwao Makbeth. Banquo, aliyeuawa kwa amri ya Macbeth, yuaja karamuni na kuketi mahali pa mfalme. Wageni hawamwoni, mwenye hatia peke yake ndiye amwonaye. Mzimu ule haumshtaki jirani wala haumpi mtu kisu. Huitikisa dhamiri ya mwuaji, basi.

Lakini katika hadithi tuzisemazo, mzimu haukosei kamwe. Mwandishi amjua mwuaji kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemtunga. Msomaji naye hulia pamoja na mfiwa, humchukia aliyetajwa, na akisha kuuawa hufurahi, akidhani ameona haki. Somo ambalo moyo wake umejifunza ni hili: kila kifo kina mkono wa mtu, na ampendaye marehemu sharti autafute mkono huo.

Watu watatuambia, "Hizo ni hadithi tu." Na iwe hivyo. Lakini mfiwa hapa Chala hana mzimu usiokosea. Ana uchungu wake, ana maneno ya mpiga ramli, na ana jirani kikongwe ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Mpiga ramli hakumtunga kikongwe huyo, atamjuaje? Katika nchi yetu, na hasa upande wa Usukuma, vikongwe wengi wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho kama hayo. Nasi wa Ufipa tusijione salama: jina la Sumbawanga watu hulieleza kuwa ni amri, yaani "tupa uchawi". Ni aibu kuutupa mlangoni na kuurudisha ndani kwa kitabu.

Tena yuko mmoja aliyerudi kutoka kaburini, ambaye sisi Wakristo twamjua. Martha aliona kwamba kama Bwana angalikuwapo, ndugu yake asingalikufa. Bwana hakumtafuta wa kulaumiwa, alilia. Lazaro akatoka, akafunguliwa sanda, akaenda zake. Injili haisemi kwamba alimtaja mchawi wala kwamba alidai damu ya mtu. Upendo ulimrudisha, na kisasi hakikuwamo.

Kwa hiyo twawaomba walimu na wazazi wasiwanyang'anye vijana vitabu, maana kitu kilichofichwa husomwa zaidi. Wawaulize swali moja tu: mzimu huo ulijuaje, na kama ulikosea, nani atamfufua aliyeuawa? Nanyi mnaotunga, andikeni juu ya mfiwa aliyelia hata mwisho pasipo kumwua mtu. Nasi sote, msiba ukiingia nyumba ya jirani, twende na maji na kuni, tukamlimie mjane shamba lake. Akiachwa peke yake na uchungu wake, mpiga ramli atafika kabla yetu.