Elimu bure gani hii ya "njoo kesho"?

Tangu Januari 2016 wakubwa wanatamba majukwaani kwamba elimu ni bure. Redioni bure, kwenye runinga bure, wakati wa kampeni ndiyo usiseme. Sawa. Sisi tuna swali moja tu, na tunaomba lijibiwe na mwenye dhamana, siyo na mpambe wake: mtoto kiziwi wa mlalahoi wa Mbagala anasoma wapi, na fungu lake liko kwa nani?

Mwenye mtoto wa namna hiyo anaijua safari yake. Januari anamshika mtoto mkono mpaka shuleni. Mwalimu Mkuu anamtazama mtoto, anatazama darasa lililofurika hadi dirishani, kisha anasema kwa upole: "Huyu si wa hapa mzazi, mpeleke shule maalumu." Shule maalumu anaambiwa nafasi hakuna, apitie halmashauri. Halmashauri mhusika yuko semina, njoo kesho. Kesho yake ni Ijumaa, watu wamekwenda kuswali, njoo Jumatatu. Jumatatu mhusika kasafiri Dodoma. Ikifika Pasaka mzazi kachoka, nauli imekwisha, na mtoto amerudi uani kukaa na bibi yake.

Ndugu msomaji, angalia jambo moja hapo. Katika danadana yote hiyo hakuna aliyemkataa mtoto kwa maandishi. Wote walisema kwa mdomo, tena kwa heshima.

Wasiojua sheria wataambiwa kwamba kumsomesha mtoto mlemavu ni hisani, inaombwa kwa kupiga magoti. Uongo mtupu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, ilipitishwa na Bunge lililojaa watu wa chama tawala, si sisi tulioitunga. Inasema mtoto huyo ana haki sawa na wenzake ya kuandikishwa shule, iwe ya serikali au ya binafsi. Inasema asome shule ya kawaida isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu, na akiwa humo apewe msaada wa mwalimu aliyesomea kazi hiyo au aliyepangiwa. Mwaka mmoja kabla, 2009, serikali iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Na Sheria ya Elimu ya 1978 inamtia hatiani mzazi asiyemwandikisha mtoto aliyefikia umri wa shule. Tazameni kichekesho hiki: mzazi akimficha mtoto ndani ni kosa la kupelekwa mahakamani, shule ikimrudisha mtoto huyohuyo getini ni "changamoto". Siku hizi kila uozo unaitwa changamoto.

Tuje kwenye fedha, maana ndiko mchezo ulipo. Mwaka 2002, enzi za MMEM, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwaka, kwa hesabu ya dola 10 za Marekani kwa kila mtoto. Elimu bure ilipoanza Januari 2016 kiwango kilikuwa kilekile, shilingi 10,000, wakati dola moja imekwisha kuvuka shilingi 2,000. Yaani dola 10 zimeyeyuka mpaka chini ya 5, na watu wanapigiwa makofi. Tena katika hiyo 10,000, shilingi 4,000 zilizuiwa huko juu kwa ajili ya vitabu, zikashuka shuleni 6,000. Chaki humo, karatasi za mitihani humo, kufuli la stoo humo. Sasa mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, ambayo kwa mtoto asiyeona ndiyo kalamu yake, inauzwa zaidi ya dola 600. Toa simu yako upige hesabu: mashine moja inameza 6,000 za watoto zaidi ya 200. Mwalimu Mkuu gani atathubutu kuinunua? Ndiyo maana hatumlaumu sana yule wa getini. Amepewa kijiko akaambiwa ahamishe bahari.

Wapambe watajibu kwamba vifaa hivyo serikali hununua kwa pamoja na kuvigawa kupitia halmashauri. Kweli kabisa. Lakini wanajuaje wampe nani? Kila mwaka shule hujaza takwimu zake, na humo huhesabiwa wanafunzi wenye ulemavu, na ni ulemavu wa aina gani. Sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu, kwa hiyo asije mtu akatuambia watoto hawa ni wachache. Wapo. Ila aliyerudishwa getini kwa mdomo hayumo kwenye takwimu za shule yoyote. Shule ikiandika viziwi sifuri, nani ataileta bajeti ya mwalimu wa lugha ya alama? "Njoo kesho" haina saini, haina muhuri, haina tarehe, na ndiyo maana wanaipenda.

Sasa tugeuke kwetu sisi vijana, maana na sisi hatuko salama. Mnaijua ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Hiyo ni mikopo ya biashara, siyo ya shule, lakini fomu za ile 4 yetu kila kijiwe kinazijua. Muulize basi kijana wa bodaboda mwenye mtoto mwenye usonji, Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri yake anakaa ofisi ipi. Hajui hata kama mtu huyo yupo. Anayejua ni mama mtoto, ambaye ndiye anayezunguka na jua mgongoni wakati baba yuko kijiweni anabishana Simba na Yanga. Wengine wamekimbia kabisa, wakasingizia ukoo wa mwanamke una mkosi. Huo ni uanaume gani? Na wewe konda unayepiga bati dereva aondoe gari ukimwona mama na mtoto wa magongo, eti watachelewesha, una tofauti gani na kigogo wa kwenye shangingi?

Dawa ya mdomo ni karatasi. Mpeleke mtoto hospitali ya serikali, kliniki ya masikio au ya macho, daktari aandike alichokiona. Watoto wangapi wanachapwa kwa ubishi kumbe hawasikii, wangapi wanaitwa vilaza kumbe ubao hawauoni? Ukishapata cheti, andika barua ya ukurasa mmoja kwa Mwalimu Mkuu: jina la mtoto, umri, maneno ya daktari, na unachokidai. Sema wazi unataka nini: akae mbele, apewe maandishi makubwa, mwalimu wa alama, au nafasi ya bweni kwenye shule yenye kitengo. Omba jibu la maandishi. Nakala impate Afisa Elimu Kata, nyingine Mkurugenzi kupitia Afisa Elimu Maalumu, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Hapo danadana inakuwa na jina la mchezaji na dakika aliyopiga mpira.

Wakikwambia mtoto atapokelewa ukitoa kitu kidogo cha mwalimu wa ziada, waambie wakiandike kwenye risiti ya serikali. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango; hakuna mahali ulipoandika isipokuwa kwa walemavu. Wakikaa kimya, kuna kamati ya shule, na wazazi wana viti humo. Nenda kwenye mkutano ukiwa na nakala yako yenye muhuri, uisome kwa sauti, na diwani akiwepo ndiyo vizuri zaidi.

Kwa mwenye mtoto wa darasa la saba kuna la haraka. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa. Lakini ni kwa yule ambaye shule imemsajili hivyo. Mwalimu akisahau, mtoto mwenye uoni hafifu ataketi mbele ya karatasi asiyoweza kuisoma, na matokeo yatatoka yakisema amefeli. Nenda shuleni wiki hii, uliza mwanao ameandikwaje kwenye usajili, na usitoke ofisini mpaka uonyeshwe.