Hesabu ya makato iwekwe hadharani

Mfanyakazi wa duka la simiti na mabati pale Kondele, Kisumu, mwenye mshahara wa Sh30,000 kwa mwezi, kwa viwango vya 2025 alistahili kutia mfukoni Sh26,193.75. Mfuko wa pensheni wa NSSF huchukua asilimia 6, yaani Sh1,800. Bima ya afya ya SHIF hukata asilimia 2.75, ambayo ni Sh825, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, Sh450. Hayo matatu yakishaondolewa, kinachobaki hutozwa kodi ya mapato, PAYE: asilimia 10 kwa Sh24,000 za kwanza, asilimia 25 kwa Sh2,925 zinazofuata, kisha hupunguzwa msamaha wa Sh2,400. Kodi inasalia Sh731.25.

Utaratibu huo ni mchanga. SHIF ilichukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024. Ushuru wa nyumba ulianza kukatwa 2023, ukakwama mahakamani Januari 2024, ukarejeshwa na sheria mpya Machi. NSSF imekuwa ikipandisha viwango vyake kila Februari. Kisha, tarehe 27 Desemba 2024, sheria ikaagiza SHIF na ushuru wa nyumba viondolewe kabla ya kodi kupigwa. Karani ambaye hesabu zake zilikuwa sahihi siku ya Krismasi alikuwa amekosea kabla ya Mwaka Mpya.

Wenye biashara ndogo wanaokwepa gharama hukimbilia programu huria za uhasibu, na hapo ndipo wanapokwama. GnuCash haina sehemu ya mishahara. Kila kato huandikwa kwa mkono. Odoo iliwahi kuwa nayo katika toleo lake la bure, lakini tangu toleo la 13, la mwaka 2019, imebaki kwa wanaolipia. Afadhali ERPNext, iliyozaliwa Mumbai: sehemu yake ya mishahara, Frappe HR, ni huria pia, na mtumiaji anaweza kujiandikia kanuni za makato. Kampuni ya Kenya, Navari, imetoa bure nyongeza za ERPNext zinazofuata sheria za humu nchini.

Kazi ya aina hiyo haifai kuachiwa kampuni moja. Asilimia 2.75 ni sheria ya nchi, si siri ya biashara. Kwa nini basi duka la Kondele, shule ya Maseno na zahanati ya Ahero kila moja imlipe fundi wake kuandika upya hesabu ileile? Mamlaka ya ushuru KRA, NSSF na Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia SHIF zichapishe viwango katika faili ambayo programu yoyote inaweza kuisoma, siku sheria inapoanza kutumika. Vijana wa kuiunganisha na programu wapo: kituo cha ubunifu cha LakeHub, Chuo Kikuu cha Maseno, na kile cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo.

Faida kubwa ni ya anayelipwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza makato kupita theluthi mbili ya mshahara. Mikopo ya sacco inapojazana juu ya kodi, programu inapaswa kugoma kabla pesa hazijatumwa, na kila mtu aweze kuona imegomea wapi. Karani mwenye haraka ya kuwahisha PAYE ifikapo tarehe 9 ya mwezi hawezi kutegemewa kulikumbuka hilo kila mara.

Kuna pengo jingine, na ndilo linalouma zaidi. Sheria hiyohiyo inampa mwajiriwa haki ya hati inayochambua malipo yake, ila inamwacha nje kibarua na anayelipwa kwa kipande. Wavuvi wengi ufuoni mwa ziwa, kuanzia Dunga hadi Usenge, hawana hata mshahara wa mwezi: samaki wakishauzwa, hutolewa gharama ya mafuta, hutengwa fungu la mwenye boti na nyavu, na kinachobaki hugawanywa kwa mabaharia. Programu inayotengenezwa Kisumu ianze na mgawo huo wa usiku mmoja, na imtumie kila baharia hesabu yake kwa ujumbe wa simu kabla hajaondoka ufuoni.