Mtani Si Kila Mcheshi

Ndugu walimu, imezuka miongoni mwetu tabia ya kumwita mtani kila mtu apendaye mzaha. Mwanafunzi akiuliza, "Mtu mwenye maneno ya kuchekesha huitwaje?" hujibiwa upesi, "Mtani," na somo likaendelea. Sisi tufundishao hapa Hai Amarat, Juba, twasema jibu hilo ni kosa, tena kosa lenye madhara.

Tuanze na sarufi. Mcheshi ni neno litokanalo na kucheka, kama vile mpishi litokavyo katika kupika na mwandishi katika kuandika. Ni jina la tabia: mtu huitwa mcheshi, wala haulizwi ni mcheshi wa nani. Mtani ni jina la uhusiano, kama shemeji au jirani. Kila litajwapo hudai mwenziwe. Ndiyo maana twasema "mtani wangu", na ndiyo maana hata mtu mkimya, asiyejua kuchekesha kabisa, aweza kuwa mtani wa mtu kwa kuzaliwa tu.

Utani ni agano lililoachwa na wazee. Upo baina ya babu na mjukuu, baina ya mashemeji, na baina ya makabila yaliyokutana zamani kwa vita au kwa safari za biashara. Huko Tanzania, Wangoni na Wahehe, waliopigana katika karne ya 19, wamekuwa watani. Mtani anaruhusiwa kutamka maneno ambayo yakitoka kinywani mwa mwingine yatakuwa matusi. Lakini ruhusa hiyo ina wajibu wake: msibani, watani husaidia kazi za mazishi na kuwaliwaza wafiwa kwa vichekesho. Hata Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, huitwa watani wa jadi kwa haki, kwani kejeli zao huenda na kurudi, na kila upande wamjua mwenziwe.

Wapo watakaotuambia kwamba lugha hukua, na kwamba kitenzi kutania siku hizi hutumika kwa mzaha wowote. Ni kweli, wala hatulipingi hilo. Lakini kupanuka kwa kitenzi hakukuifuta maana ya jina. Mtu asiyekujua aweza kukutania njiani. Hawi mtani wako kwa sababu hiyo.

Hapa Juba lipo jambo jingine la kuangaliwa. Wanafunzi wetu wengi husema Kiarabu cha Juba, na kwa urahisi hudhani kwamba neno lililotoka katika Kiarabu limekuja na maana yake yote. Shina la dhihaka katika Kiarabu ni kucheka tu. Katika Kiswahili dhihaka ni kumcheka mtu kwa kumdharau. Basi mwanafunzi amsifuye mwenyeji wake kuwa ni "mtu wa dhihaka" amemvunjia heshima bila kujua. Masihara nayo, ambayo katika Kiarabu hukaribia kejeli, kwetu ni mzaha mwepesi.

Sasa mwanafunzi huyo huyo akifundishwa kwamba kila mcheshi ni mtani, atajiona ana ruhusa ya kumtania mtu wa kabila jingine ambaye wazee wao hawakuagana. Katika mji ulioona mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016, mzaha juu ya kabila la mtu waweza kugusa kidonda kibichi. Wahenga walikwisha kutuonya: mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Kwa hiyo hatuna budi kuyafundisha maneno haya pamoja, kila moja mahali pake. Mcheshi ni mwenye tabia ya kufurahisha watu. Mzaha na masihara ni matendo yake. Dhihaka na kejeli ni maneno yenye kuchoma. Mtani ni mtu wa agano. Kazi hiyo haihitaji kitabu kipya. Yatosha mwalimu kutoa mifano minne ubaoni na kuwaachia wanafunzi wabishane.

Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na vijana wetu hukutana kila siku na wafanya biashara kutoka Kenya na Uganda. Tukiwazoeza kuuliza kwanza, "Mtani wa nani?" tutakuwa tumewapa lugha pamoja na adabu yake.